Njiti wa Uzeeni

Jumatano, 5 Machi

Saa tatu asubuhi, kukamua maziwa. Kulia matone manne. Kushoto hakuna kitu. Saa sita, kukamua tena. Matone yale yale. Sista Prisca akachungulia kikombe, akaandika kwenye karatasi yake, akaenda kitanda kingine. Angenigombeza ningepata nafuu.

Leo siku ya saba tangu wanipasue. Mtoto wa kike. Wiki thelathini, labda thelathini na moja. Hawana hakika, maana sikuwa na kadi ya kliniki. Alizaliwa na gramu 1,250. Asubuhi mzani umesoma 1,140. Wanasema watoto wote hupungua kwanza. Najua. Nimezaa watatu kabla ya huyu. Lakini wale walikuwa na nyama ya kupunguza.

Naandika nyuma ya daftari langu la vipimo. Mbele kuna viuno na mabega ya wateja wangu wa Kawajense. Deo, mume wangu, alilichukua juu ya cherehani siku ya kunikimbiza hospitali, akidhani kadi ya bima iko ndani. Haikuwemo.

Mlinzi wa getini amenifungulia bila kuuliza. "Pita bibi, ukamwone mjukuu." Nikapita. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike basi, hapa hakuna wa kusoma.

Nina miaka arobaini na mitatu. Stella, binti yangu wa kwanza, ameolewa kule Kibaoni, ana mtoto wa miezi minne. Mimi ni bibi. Mwezi wa kumi nilipojua nina mimba nilikaa chooni nikashindwa kutoka. Mimi ndiye ninayekaa na mabinti kanisani kabla ya ndoa. Mama mlezi. Mimi ndiye ninayewaambia habari za kupanga uzazi, naeleza bila kuona haya, wao ndio wanaoinamisha vichwa.

Nikaficha. Fundi cherehani hashindwi kuficha mwili. Nilijishonea magauni mapana manne. Ndani nikafunga khanga, nikakaza. Kliniki sikukanyaga hata siku moja. Kwenye lile benchi wanakaa mabinti niliowafundisha.

Januari miguu ikavimba. Februari kichwa, tena kichwa, na macho yakawa yanaona vimulimuli mchana. Nikanywa dawa za maumivu. Nikamwambia Deo ni uzee. Siku niliyoanguka jikoni presha ilikuwa juu sana. Daktari akasema kifafa cha mimba kilikuwa kinabisha hodi, lazima mtoto atoke ndiyo tupone wote wawili. Akaniuliza kwa nini sikuja mapema. Nikasema kazi zilikuwa nyingi, sare za shule. Uongo.

Deo ana furaha. Mwanaume wa miaka hamsini na miwili, anawaambia wenzake wa mashine ya kusaga, "Nimepata binti." Stella bado hajui lolote. Nimemkataza Deo kumpigia. Nachukia furaha yake.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Sista Prisca ameniambia nimbebe kifuani. Kangaruu, ndivyo wanavyoita. Mtoto anabaki na nepi na kofia tu, wanamlaza katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, wanamfunga na khanga. Wakaacha vibomba vya hewa puani mwake.

Nilikuwa nimemwangalia siku nane kupitia kioo. Sikuwa nimemshika. Kila siku nilipata sababu. Kidonda kinauma, mikono ina baridi, nitakuja baadaye.

Ana ngozi kama ya kifaranga kabla manyoya hayajaota. Joto lake ni dogo. Nilikaa hivyo kama nusu saa, nikahisi ameacha kuhema. Hakuna kilichokuwa kinasogea. Mama mwenye akili angepiga kelele. Mimi nilifungua khanga nikamsukumia mtu wa kitanda cha jirani, kama mtu anayetupa kaa la moto.

Jirani yangu anaitwa Kabula. Ni Msukuma, ana miaka kumi na tisa, kwao ni wafugaji wa kule Mpimbwe. Ana mwanawe wa kiume wa gramu 1,600. Alimpokea wangu kwa mkono mmoja, akamsugua nyayo kwa kidole. Mtoto akahema. Kabula akamrudisha kifuani kwangu, akaufunga ule upande wa khanga niliouacha wazi.

"Huwa wanasahau kupumua, mayu. Unamkumbusha tu."

Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mtoto wa miaka kumi na tisa ananifundisha mimi. Nilitaka sakafu ipasuke.

Jumamosi, 8 Machi

Kulia matone. Kushoto kumekauka. Nimekunywa uji wa karanga, supu ya kuku, maji mpaka tumbo linacheza. Daktari anasema ni presha, ni upasuaji, ni umri, ni mawazo. Vyote kwa pamoja. Maziwa ya kopo ya njiti hayapo mjini, mpaka yaagizwe mbali. Na hata yakifika, anasema, kwa tumbo la njiti hakuna kinachofika maziwa ya mama. Kwa sasa mtoto anaishi kwa dripu na hayo matone.

Kila nikirudisha kikombe kitupu naona mama wengine wanageuza macho. Wanajua. Maziwa ya Kabula yanatoka mpaka yanalowesha gauni. Mwanawe anamaliza yake na mama yake bado analazimika kukamua yanayobaki ayamwage kwenye sinki.

Saa nane mchana sista alikwenda kuchukua dawa. Nikamwendea Kabula kwenye sinki. Mimi, mama mlezi. Nikamwomba kwa kunong'ona, kama mwizi anayemshawishi mwenzake. Hakushangaa. Alikamulia moja kwa moja kwenye kikombe changu mpaka mstari wa mili kumi.

"Mwambie sista, mayu. Asije akakasirika."

Nikasema nitamwambia.

Kikombe sikukichemsha. Nilikuwa nimeharakisha kabla sista hajarudi. Nilikisuuza bombani tu.

Jumapili, 9 Machi

Sista Prisca aliona kikombe akatabasamu mpaka nikaona pengo lake. "Umeona mama? Nilikwambia uji wa karanga." Akawaita wenzake. Mama wa kitanda cha dirishani akapiga makofi kidogo.

Sikumwambia. Nikaweka kichwa chini kama mtu mnyenyekevu.

Mara nne leo Kabula amenikamulia. Kila mara tunakwenda kwenye sinki tukijifanya tunaosha nguo. Mara ya tatu aliniuliza kama nimeshasema. Nikasema sista ana kazi nyingi leo.

Jumatatu, 10 Machi

Mzani: 1,165. Ameongezeka. Deo alikuja na suruali iliyojaa unga, amesimama mlangoni analia bila aibu yoyote. Anataka aitwe Veronika, jina la marehemu mama yake. Kwenye kitambaa cha mguuni bado imeandikwa "mtoto wa" na jina langu. Nimesema tusubiri. Jina humfanya mtu awepo.

Gramu ishirini na tano za maziwa ya mtu mwingine. Nilifurahi.

Jumanne, 11 Machi

Tumbo limevimba. Asubuhi lilikuwa gumu, linang'aa, mishipa imejichora. Sista alivuta mpira wa kulishia, yakarudi maziwa yenye rangi ya kijani. Wakamwita daktari. Wamesimamisha kumlisha. Dripu tu, na sindano za dawa kwenye mkono ambao mshipa wake ni mwembamba kuliko uzi wangu wa kushonea. Wamemrudisha kwenye kisanduku cha kioo.

Daktari aliniuliza taratibu kabisa. "Mama, kuna kitu kingine chochote amepewa? Maji, dawa ya kienyeji, maziwa ya mtu mwingine? Sikuulizi kukulaumu, nauliza ili nijue cha kutibu."

Nikasema hapana.

Kabula alikuwa amekaa kitandani kwake, hatua tatu kutoka pale. Alisikia. Aliniangalia, akafunika mwanawe vizuri, akageukia ukutani.

Nitaandika na hili, maana ndilo la chini kabisa. Siku ile wananisukuma kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kupasuliwa, niliwaza: akifa humo humo, hakuna atakayejua kwamba nilikuwa na mimba. Stella hatajua. Kanisani hawatajua. Niliwaza hivyo kwa utulivu, kama mtu anayepanga safari. Haikuwa homa. Nilikuwa na akili zangu.

Sasa anakufa kweli na ninajua tofauti.

Jumatano, 12 Machi

Nimesema.

Saa mbili asubuhi, kabla ya raundi. Nilimfuata Sista Prisca kwenye meza yake. Nilikuwa nimejipanga maneno, yakatoroka. Nikasema tu: yale maziwa si yangu. Ni ya Kabula. Tangu Jumamosi. Na kikombe sikukichemsha siku ya kwanza. Na jana nilimdanganya daktari.

Hakufoka. Alifunga faili. Aliniangalia kwa muda, binti wa miaka thelathini hivi, angeweza kuwa mmoja wa wale ninaowafundisha.

"Kaa chini mama. Kidonda chako hakijapona."

Hilo lilinivunja kuliko matusi.

Daktari aliposikia alikunja uso. Alisema tumbo la njiti linaweza kuvimba hata kwa maziwa ya mama mwenyewe, utumbo bado haujakomaa. Linaweza kuvimba kwa uchafu wa kikombe. Hawezi kujua. Hatajua kamwe. "Ila tungejua jana, tungeanza kupima jana." Hicho ndicho alichosema na ni kweli.

Wamechukua damu ya mtoto, na damu ya Kabula pia, kuhakikisha hana maambukizi. Wamemwita kwa jina mbele ya wodi nzima. Alinyanyuka akaenda. Hakunitazama.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu ya Kabula ni safi. Mtoto wangu yuko vilevile hadi sasa. Tumbo halijapungua, halijaongezeka.

Lakini jana hiyo hiyo habari zilitoka nje. Nyuma ya wodi kuna banda wanapopikia na kusubiri ndugu wa wagonjwa. Mume wa Kabula, Masanja, amekuwa akilala pale tangu mwanzo. Mtu akamwambia mkeo amepimwa damu tena, ghafla, yeye peke yake. Hawakumwambia kwa nini. Mume anaposikia hivyo anawaza moja tu: ugonjwa wa nje ya ndoa.

Leo mchana hakumletea chakula. Kabula amekula mkate mkavu wa mama wa dirishani. Amelia akiwa ameipa wodi mgongo, maziwa yake yakilowesha gauni.

Nilimpelekea uji. Akaupokea, akauweka chini, hakuunywa. "Nilikwambia umwambie," alisema. Basi.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimwomba Deo aende akaongee na Masanja, mwanaume kwa mwanaume. Deo ni mpole, hanikatalii kitu. Lakini leo alikataa. Akasema, "Mama Stella, mimi nitasema nini? Jambo hili si langu." Ni mara ya kwanza katika ndoa yetu nimemwona ananihurumia na hanisaidii.

Nikaenda mwenyewe. Nilitembea nimeshika tumbo. Kwenye banda kulikuwa na watu kama kumi na watano, sufuria, moshi, wanawake wanachambua mchele. Masanja alikuwa amekaa juu ya gogo, kijana mrefu, shuka jekundu begani, anaangalia simu isiyo na chaji.

Nikasalimia. Watu wakaniamkia shikamoo, kwa mvi zangu. Nilitaka kumwomba tusogee pembeni. Lakini maneno ya kumchafua mkewe hayakusemwa pembeni, yalisemwa hapo hapo. Nikasimama katikati.

Nikasema: "Baba, mkeo hana kosa. Mimi ndiye niliyemwomba maziwa. Nimejifungua njiti na sina maziwa. Nina miaka arobaini na mitatu. Alinikamulia kwa huruma, akaniambia nimwambie nesi. Mimi nikaficha. Ndiyo maana wakampima. Majibu yake ni safi. Wa kulaumiwa ni mimi."

Mwanamke mmoja aliacha kuchambua mchele. Miaka arobaini na mitatu, niliisikia ikipita mdomo hadi mdomo nyuma yangu. Uso uliwaka mpaka masikio yakaziba.

Masanja aliiweka simu chini. Halafu akasogea kwenye gogo, akanipisha nikae.

"Sawa, mayu. Kwetu ng'ombe mzee akikauka, ndama wake tunampeleka kwa mwingine. Hatumwiti ng'ombe mwizi."

Watu wakacheka. Sikujua kama nimetukanwa au nimesamehewa. Nikakaa kwenye gogo.

Jioni Kabula ameletewa wali na mtindi. Kibuyu kizima. Amekunywa, akaniletea kilichobaki bila kuongea. Nimekinywa.

Jumamosi, 15 Machi

Tumbo la mtoto limelainika. Daktari amelibonyeza kwa vidole viwili, amesema afadhali. Kesho, keshokutwa, wataanza tena kumlisha, mili moja moja. Lazima yawe maziwa ya mama. Aliposema hivyo hakuniangalia. Asante.

Kabula ameruhusiwa leo. Mwanawe amefika uzito wanaoutaka. Nilimsaidia kumfunga. Mlangoni aligeuka akasema, "Umkumbushe kupumua." Wakaondoka, Masanja amebeba ndoo na mkeka kichwani kama mwanamke, wala hana habari.

Kwa hiyo nimebaki bila hata wa kuiba kwake.

Saa kumi Deo alikuja na uso wa mtu aliyevunja sahani. Amempigia Stella. Juzi. Amesema hakuweza tena. Stella amepanda basi la asubuhi kutoka Kibaoni, yuko njiani na mtoto mgongoni.

Nilimwambia Deo maneno mabaya. Siyaandiki.

Jumapili, 16 Machi

Stella aliingia jana jioni saa ya kuona wagonjwa. Vumbi hadi kope. Elia mgongoni, mnene, mashavu kama maandazi. Nilivuta shuka hadi kidevuni. Mwanangu mwenyewe, nikavuta shuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa anahesabu vidoleni. Nilijua anahesabu nini. Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Kibaoni kumuuguza uzazi. Nilikaa siku arobaini. Nilimkanda maji ya moto, nilimpikia, nilifua nepi. Nilikuwa natapika nyuma ya nyumba nikisema ni malaria.

"Ulikuwa unanibebea ndoo kutoka bombani," alisema. "Mimi nimelala, wewe una mimba, unanibebea ndoo. Na uliniachia nikutume."

Nikasema niliona aibu.

"Aibu ya nani, mama? Yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa anicheke, au awe na haya kwa ajili yangu, awaze wakwe zake watasemaje. Sikujiandaa kwa hilo. Alilia kwa hasira, Elia naye akaamka akalia. Akamnyonyesha pale pale akiwa bado anafuta machozi na kiganja.

Leo asubuhi aliongea na Sista Prisca kabla hajaongea na mimi. Nilipotoka kuoga tayari alikuwa na pamba kwenye kidole. Amepimwa. Safi. Sista akanikalisha, akaniambia hawezi kuruhusu bila kauli yangu, mimi ndiye mama. Kila kitu kitaandikwa, kila kikombe kitachemshwa, hakuna kujificha.

Maziwa ya Stella. Aliyenyonya kwangu miaka miwili. Sasa amkamulie mdogo wake kwa sababu mama yao amekauka.

Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba za kuanikia nguo. Nilikaa huko muda mrefu. Nilitafuta njia nyingine yoyote ambayo haipiti kwa binti yangu. Nikaona ninachotafuta ni njia ya kuokoa uso wangu. Wakati yule mle ndani ana gramu 1,090.

Nikarudi. Nikasema ndiyo.

Stella alikamua mili thelathini kwa dakika chache, anaongea na Elia huku. Sista alipima mili moja. Moja tu, kwenye bomba la sindano, ikashuka kwenye mpira taratibu. Tukakaa wote watatu tunaangalia tumbo.

Jumatano, 19 Machi

Mili tatu kila baada ya saa tatu. Tumbo laini. Amepata choo, Sista Prisca ametangaza kama amepata cheo.

Stella amefikia kwa mdogo wangu hapa mjini, anakuja asubuhi na mchana, anaacha maziwa ya jioni kwenye friji ya wodi. Hajanisamehe bado. Ananijibu kwa adabu. "Ndiyo mama. Hapana mama." Adabu inakata.

Elia anakaa na mimi, bibi yake, wakati mama yake anakamua kwa ajili ya mama yake mdogo. Nimemwambia Stella hivyo, sijui kwa nini. Mama mdogo wa gramu elfu moja na mia moja. Akajizuia. Halafu akacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, maziwa yakamwagika kidogo. Nami nikacheka na kidonda kikauma.

Jumatatu, 24 Machi

Wamekuja wanawake wa jumuiya. Wanne, na sabuni, sukari, khanga mpya. Niliwaona kupitia dirisha nikatamani kuingia chini ya kitanda. Kati yao Anyesi, mabega inchi kumi na tano, niliyemfundisha mwaka juzi. Sasa ana mimba yake ya kwanza.

Hawakuuliza kitu. Walisali, wakaongea habari za mvua na mahindi ya Kasokola. Kutouliza kwao kulikuwa kuzito kuliko kuuliza. Walipoinuka nikamshika Anyesi mkono. Nikamwambia, mbele ya wote: miguu ikivimba, kichwa kikiuma, usisubiri. Nenda kliniki hata kama una aibu. Mimi sikwenda. Ndiyo matokeo yake yule pale.

Nilisema nimeinamisha kichwa. Haikuwa hotuba. Mkubwa wao, mjane, mwanamke mkali sana, alisema taratibu kwamba yeye alimzaa wa mwisho akiwa na arobaini na tano, akamficha kwa dada yake miaka mitatu. Hakuna aliyekuwa anajua.

Wameondoka. Sijisikii mwepesi. Najisikia nimevuliwa nguo. Lakini hakuna kingine cha kuvuliwa.

Ijumaa, 28 Machi

1,270. Amevuka uzito aliozaliwa nao. Nimemruhusu Deo, anaitwa Veronika. Sista amebadilisha kitambaa cha mguuni.

Saa tisa nikiwa nimembeba, Elia alilia kwenye korido. Titi langu la kulia likauma, likachoma kama sindano, nikaona khanga imelowa. Si nyingi. Nilikamua mili nane. Nilimwonyesha Stella kikombe kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema.

Akakitazama dhidi ya mwanga. "Haya ni yako?" aliuliza.

Nilistahili swali hilo. Nikasema ni yangu. Akaita sista.

Jumapili, 6 Aprili

1,480. Hewa wameitoa tangu Alhamisi. Namwongoza kunyonya, anasahau, analala. Robo yangu, robo tatu za Stella. Yangu hayatazidi nusu, wameniambia. Sawa.

Mchana wodi ilikuwa imetulia, mvua inapiga bati. Nimembeba kifuani. Nilimwambia lile la kitanda cha magurudumu. Nilichowaza. Nilisema kwa sauti, ndogo, lakini kwa sauti. Nilidhani nikisema kitatoka. Hakijatoka. Kitakaa. Yeye alikunja mguu, akaniweka kisigino kwenye mbavu, akaendelea kulala.

Alisahau kupumua mara moja. Nikamsugua nyayo. Sikumwita mtu.

Jumatatu, 14 Aprili

1,640. Kesho tunaruhusiwa. Nitarudi kliniki kila wiki, nimepewa kadi. Umri umeandikwa juu kabisa, kwa kalamu ya bluu, hauwezi kufichika.

Stella anarudi Kibaoni Jumamosi, mumewe amekuja kumfuata. Veronika ataongezewa maziwa ya kopo, daktari amekubali, yameagizwa, yamefika. Nilitaka kumshukuru Stella. Nilianza vibaya, nikasema nitakushonea gauni. Akasema, "Mama, nitakupigia kila siku. Ukivimba kidole, uniambie. Usiponiambia sitakusamehe." Nikasema nitakuambia. Akasema, "Apa." Nikaapa.

Jumatatu, 21 Aprili

Kawajense. Nyumbani.

Cherehani nimeisogeza pembeni, mkeka uko barazani. Veronika amenyonya dakika kumi kulia, nane kushoto ambako nako sasa kunatoka kidogo, akamalizia kwa kijiko. Jirani amepita, ameuliza hali, nimemfunulia amwone. Amesema ni mdogo. Nimesema ndiyo, ni mdogo.

Stella amepiga saa nne. Nimemwambia miguu haijavimba. Amesema nipige picha nimtumie. Nimempigia picha ya miguu.

Mchana jua kali baada ya mvua, ardhi inatoa mvuke. Nimefua nepi, nimeanika mbele ya nyumba. Halafu nimemfunga Veronika kifuani, nimelala naye, mlango wazi, watu wanapita barabarani.